Pipa lako la wiski ya mlimani: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Mombasa

Kabla hujatoa hata shilingi, elewa kwamba pipa lenyewe halitakuja Mombasa. Singo molti ya Uskoti ni wiski ya kimea cha shayiri tupu iliyokenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, katika kiwanda kimoja. Kanuni za mwaka 2009 zinataka ikae Uskoti ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, kwa miaka isiyopungua 3. Tangu Novemba 2012 haisafirishwi nje mpaka iwe tayari ndani ya chupa. Kwa hiyo unachonunua ni haki ya kumiliki kimiminika kilicho ndani ya pipa fulani, lenye namba fulani, kwenye ghala fulani. Chupa zitashuka Kilindini baada ya miaka mingi, ukiwa umefanya mambo kwa mpango.

Anayekwambia atakuletea pipa zima la singo molti ya Uskoti nyumbani Nyali, ama hajui sheria ama anajua na anataka pesa zako.

Urefu wa nini?

Muuzaji akikwambia wiski ni ya milimani, muulize maswali mawili: mtambo wa kukeneka uko mita ngapi juu ya bahari, na ghala la mapipa liko mita ngapi? Si lazima majibu yafanane. Kiwanda kinaweza kukaa juu kisha wiski mbichi ikapakiwa kwenye tangi la lori na kupelekwa ghala la bondeni. Pipa huishi miaka 10 ghalani, wakati kukeneka ni kazi ya saa chache, kwa hiyo kinachokuhusu zaidi ni urefu wa ghala.

Uskoti wenyewe hauna milima mirefu kwa kipimo cha mtu anayeijua Kenya. Kiwanda cha Dalwhinnie kiko takriban mita 326 na cha Braeval takriban mita 350, na hivyo ndivyo vinavyogombania sifa ya kuwa juu kuliko vyote huko. Wundanyi, kule Taita, iko juu kuliko vyote viwili, mara kadhaa. Ukitaka urefu wa kweli, kiwanda cha Orma cha Uswisi kina mtambo mlimani Corvatsch, kwenye mita 3,303. Kule India, kiwanda cha Amrut hutengeneza singo molti Bengaluru, mji ulio zaidi ya mita 900.

Urefu hubadilisha mambo matatu kwa wakati mmoja, na hayavuti upande mmoja. La kwanza ni baridi: kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7. Katika baridi wiski huingia na kutoka kwenye mbao polepole, kwa hiyo rangi, utamu wa vanila na ukali wa mwaloni huchelewa. La pili ni shinikizo la hewa. Kule Corvatsch maji huchemka kwenye nyuzi 89 hivi badala ya 100, na hewa nyepesi namna hiyo husaidia kimiminika kuvukiza. Kwenye mita 326 shinikizo limepungua kwa asilimia 4 tu. Kwa hiyo ukisoma maneno matamu kuhusu hewa nyepesi ya nyanda za juu za Uskoti, jua kwamba kinachofanya kazi pale ni baridi. La tatu ni unyevu, nalo ndilo linaloamua nguvu ya wiski yako. Ghala likiwa na unyevu mwingi, maji hubaki na kileo hutoka, hivyo asilimia ya kileo hushuka mwaka hadi mwaka. Ghala likiwa kavu, maji hutangulia kutoka na asilimia hupanda huku pipa likipungua ujazo. Milima mingi mikavu iko kwenye kundi la pili, na Uskoti uko kwenye la kwanza.

Wapo watakaouliza: kwani hatuna Limuru, zaidi ya mita 2,000, kwa nini tusiweke mapipa yetu huko? Jibu la sheria limeshatolewa juu: ikitoka kwao ikiwa kwenye pipa si singo molti ya Uskoti tena. Jibu la hali ya hewa ni kwamba karibu na ikweta hakuna kiangazi na majira ya baridi vinavyopishana kama kule. Pipa la kule hupumua kwa miezi, la Limuru lingepumua kwa mchana na usiku. Si vibaya, ila ni wiski nyingine. Na kukeneka mwenyewe nyumbani, Limuru au Likoni, ni kosa la jinai bila leseni.

Kuchagua pipa

Utakutana na saizi nne. Pipa la robo ni lita 125 hivi. Pipa la burboni, linalotoka Marekani likiwa limetumika mara moja, ni lita 190 hadi 200. Hogshedi ni lita 250. Pipa kubwa la sheri, divai kali ya Uhispania, ni lita 500. Viwanda vingi hujaza wiski mbichi ikiwa na kileo cha asilimia 63.5.

Kwa ghala la baridi, pendekezo letu ni pipa la burboni la lita 200 linalojazwa wiski kwa mara ya kwanza. Kwenye joto la chini mbao hutoa ladha kwa ubahili, kwa hiyo unahitaji mbao ambazo bado zina cha kutoa. Pipa lililokwishajazwa wiski mara tatu, likikaa mahali penye wastani wa nyuzi 6 au 7, linaweza kukupa baada ya miaka 10 kitu cheupe chenye harufu ya nafaka, na hapo lawama utaitupia kiwanda bure. Pipa la sheri la lita 500 ni zuri, lakini ni chupa nyingi mno kwa mtu mmoja na linataka miaka 12 hadi 15 kukomaa vizuri.

Pipa la robo linavutia kwa bei na kwa sababu hukomaa upesi: mbao ni nyingi ukilinganisha na kimiminika. Sababu hiyo hiyo hulifanya lipoteze haraka. Kwenye ghala lenye unyevu linaweza kukaribia asilimia 40 kabla hujajiandaa, na chini ya 40 kilichomo hakiruhusiwi tena kuitwa wiski. Pipa dogo lisivuke miaka 6 au 7 bila kupimwa kila mwaka.

Uliza pia kama pipa "limetiwa kijiko". Kuna viwanda visivyotaka jina lao litumiwe na watu wa nje, kwa hiyo huongeza kiasi kidogo cha wiski ya kiwanda kingine ndani ya pipa. Kinywaji hakibadiliki kwa ulimi wa mtu, lakini kisheria si singo molti tena. Na hata kama halijatiwa kijiko, mkataba useme kama unaruhusiwa kuandika jina la kiwanda kwenye lebo. Wengi hukuta hawaruhusiwi wakati lebo ziko mezani kwa mchapaji.

Usitarajie kwamba kiwanda chenye jina kubwa kitakuuzia pipa kama mtu wa kawaida. Wanaouza kwa watu binafsi mara nyingi ni viwanda vidogo na vipya, vinavyotafuta mtaji wakati wiski yao haijakomaa. Huko unanunua moja kwa moja kwa mwenye mali, na hiyo ndiyo njia salama kuliko zote.

Hesabu ya kweli iko kwenye kileo tupu

Watu huhesabu lita za pipa. Mwenye ghala huhesabu lita za kileo tupu, na ndicho kipimo utakachokiona kwenye karatasi zako kwa herufi za Kiingereza: OLA ni kiasi kilichojazwa siku ya kwanza, RLA ni kiasi kilichopatikana pipa lilipopimwa upya.

Chukua pipa la lita 200 lililojazwa kwa asilimia 63.5. Kileo tupu ni 200 × 0.635, yaani lita 127. Uskoti hupoteza takriban asilimia 2 kwa mwaka, ile waiitayo sehemu ya malaika. Baada ya miaka 10 zitabaki lita 104 hivi za kileo tupu. Ikiwa nguvu imeshuka mpaka asilimia 58, ndani ya pipa kuna lita 179.

Sasa chupa. Ukitia bila kuongeza maji, 179 ugawe kwa 0.7 ni chupa 255. Ukishusha hadi asilimia 46, 104 ugawe kwa 0.46 ni lita 226, chupa 322 za mililita 700. Ukishusha hadi 40 utapata chupa 371, na wiski nyembamba. Toa chupa 5 hadi 10 kwa kile kinachobaki kwenye mbao, mipira ya kupitishia wiski na chujio.

Hesabu hii ifanye kwa kila pipa unaloonyeshwa. Ukiuziwa pipa la miaka 8 na karatasi ina OLA peke yake bila RLA ya karibuni, unauziwa kumbukumbu. Pipa lenye ufa linaweza kuwa limebaki nusu, na karatasi ya siku ya kujazwa haitakwambia. Dai lipimwe upya kabla ya malipo, hata ikibidi gharama uibebe wewe.

Karatasi

Hapa ndipo pesa hupotelea. Mwaka 2025 BBC ilitangaza uchunguzi kuhusu ulaghai wa mapipa Uingereza, ukiwemo mtindo wa pipa moja kuuzwa kwa watu zaidi ya mmoja. Mhanga rahisi ni mtu aliye mbali, asiyeweza kufika ghalani, na aliyeahidiwa faida. Mtu wa Mombasa ana sifa hizo zote.

Cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu kutoka kwa dalali si umiliki. Kinachohamisha umiliki wa pipa lililo katika ghala la forodha, yaani ghala ambamo mali haijalipiwa ushuru bado, ni hati ya kukabidhi, ambayo Waingereza huiita Delivery Order. Muuzaji huitia saini akimwelekeza mwenye ghala aliandike pipa kwa jina lako, na mwenye ghala huthibitisha kwamba ameipokea na amebadilisha daftari. Bila uthibitisho wa mwenye ghala, jina kwenye daftari bado ni la dalali, na dalali akifilisika wadai wake watalifuata pipa lako.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Omba namba ya pipa, aina na mara ngapi limejazwa, tarehe ya kujazwa, OLA, RLA na tarehe ya kupimwa, jina la ghala na mahali lilipo. Pipa bila namba halipo.
2. Tafuta kampuni ya muuzaji kwenye daftari la Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, ambalo liko wazi mtandaoni bila malipo. Tazama imesajiliwa lini, wakurugenzi ni nani, na kama hesabu zake zinawasilishwa kwa wakati. Kampuni ya miezi 8 inayouza mapipa ya miaka 20 ina maswali ya kujibu.
3. Tafuta mwenyewe simu ya ghala. Usitumie namba uliyopewa na muuzaji. Uliza kama pipa hilo lipo na kama muuzaji ndiye aliyeandikwa. Ghala likikataa kusema kwa ajili ya siri ya mteja, mwambie muuzaji awaandikie barua ya kuruhusu. Akisitasita, achana naye.
4. Soma mkataba kwa mambo haya: kodi ya ghala ni ya miaka mingapi na baada ya hapo ni kiasi gani, bima inalipa thamani gani, ya siku ya kununua au ya siku ya hasara, nani anabeba hasara pipa likivuja, unaruhusiwa sampuli ngapi, lazima utie chupani kwao au unaweza kuhamishia kwingine, na tarehe ya mwisho ya kutia chupani kama ipo.
5. Uliza kuhusu usajili wa forodha. Anayenunua kwa biashara anatakiwa kusajiliwa na mamlaka ya kodi ya Uingereza, na mfanyabiashara asiye na makao huko huteua mwakilishi. Kiwanda kinachokuuzia pipa la kunywa mwenyewe kitakwambia wanaliwekaje. Pata jibu kwa maandishi.

Maneno kwamba mapipa hayatozwi kodi ya faida yanahusu walipa kodi wa Uingereza. Yakitumiwa kukushawishi wewe wa Tudor, hayana maana.

Malipo yapitie benki, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba. Jina la akaunti likitofautiana hata kidogo, simamisha. Mwambie karani wa benki kwamba gharama zote ziwe juu yako, la sivyo benki za njiani zitakata na kiwanda kitapokea pungufu, kisha hati itakaa wiki nzima ikingoja pauni 20. Muuzaji akikwambia ulipe sasa hivi kwa sababu bei itapanda kesho, mwache apandishe.

Kuhusu faida, maoni yetu ni mafupi: nunua pipa kama unataka kunywa na kugawa. Soko la kuuza tena pipa la kiwanda kisichojulikana ni dogo, na aliyekuahidi asilimia kadhaa kwa mwaka hatakuwepo siku ya kuuza.

Njia inayofaa sana hapa kwetu ni chama. Watu 10 wakichanga, kila mmoja anapata chupa 31 hivi za pipa la lita 200, kiasi cha mtu kuhifadhi kabatini bila taabu. Andikeni: jina la nani liko kwenye daftari la ghala, nani analipa kodi ya ghala ikipanda, mwanachama akitaka kutoka sehemu yake inanunuliwa vipi, na akifariki inakwenda kwa nani. Miaka 10 ni mingi. Hata ukinunua peke yako, liandike pipa kwenye wosia na mwonyeshe mtu mmoja nyumbani karatasi ziko wapi. Kama nyumbani kwenu kileo hakizungumzwi, jambo la kawaida mjini hapa, mpe wakili nakala.

Miaka ya kungoja

Pipa halihitaji mengi, lakini lisisahauliwe. Omba lipimwe upya na itolewe sampuli kila baada ya miaka 3 hadi mwaka wa 9, kisha kila mwaka. Fundi hutumbukiza kijiti cha kupimia kujua ujazo, na hidromita kujua nguvu, akirekebisha kwa joto la nyuzi 20. Ripoti ikifika, linganisha na iliyotangulia. Kileo tupu kikishuka kwa asilimia 5 hadi 7 katika miaka 3, ni kawaida. Kikishuka kwa 15, pipa linavuja.

Uvujaji hutokana na tundu la mdudu kwenye mbao, ufa karibu na kizibo, au pete ya chuma iliyolegea. Tundu huzibwa kwa kijiti na nta, pete hugongwa ikarudi mahali pake. Ufa mbaya hutaka wiski ihamishiwe pipa lingine, na hapo ndipo mkataba uliousoma unaamua nani analipa. Jibu barua pepe ya ghala siku hiyo hiyo, ufa hausubiri.

Sampuli za mililita 100 zikitumwa kwa kurieri zitapita forodha na huenda ukalipa zaidi ya zinavyostahili. Jamaa anayekuja kutoka Uingereza azitie kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, zikiwa zimefungwa vizuri na maandishi ya asilimia yakisomeka. Ndani ya ndege abiria haruhusiwi zaidi ya lita 5 za kinywaji cha asilimia 24 hadi 70, na mwenye miaka 18 au zaidi anaweza kuingia Kenya na lita 1 ya pombe kali bila ushuru.

Ukionja, onja mara mbili: kama ilivyo, kisha ukiongeza maji mpaka nusu kwa nusu. Maji hufichua kasoro. Harufu ya kadibodi iliyolowa au gundi katika mwaka wa 3 inaweza kuondoka. Ikiwepo mwaka wa 8 haitaondoka, na dawa yake ni kuhamishia pipa lenye mbao ambazo bado zina cha kutoa kwa miezi 6 hadi 18. Kinyume chake, ulimi ukikauka kama umetafuna maganda ya mti, mbao zimezidi na saa ya kutia chupani imefika, hata kama ulipanga miaka 12.

Kutia chupani

Anza miezi 6 kabla. Agiza asilimia 46 au zaidi, bila kuchujwa kwa baridi na bila kuongezwa rangi. Kuchuja kwa baridi huondoa mafuta yanayoifanya wiski kuwa na ukungu inapopoa, na pamoja nayo huondoa unene wa kinywa. Huku kwetu watu hutia barafu, kwa hiyo chini ya 46 isiyochujwa utaona ukungu kwenye glasi na mgeni atadhani imeharibika. Haina ubaya, lakini kwenye 46 na kuendelea mara nyingi haitokei.

Lebo ipitiwe na wakala wako wa Mombasa kabla haijachapishwa. Ionyeshe asilimia ya kileo, ujazo, nchi na umri kama unautaja. Umri ni wa wiski changa kuliko zote zilizo kwenye chupa. Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ile ya Mututho, inadai maonyo ya afya kwenye vifungashio vya pombe inayouzwa. Chupa zisipungue mililita 250, kwa hiyo sahau vichupa vidogo vya zawadi. Vizibo vya kork viwe vya kubana, na juu yake kifuniko cha bati au nta ngumu. Nta laini huyeyuka huku.

Mwambie mwenye ghala kwamba mzigo unatoka nje ya nchi moja kwa moja kutoka ghala la forodha. Ukitolewa kwanza kwenye soko la Uingereza, utalipa ushuru wao wa kileo na VAT yao, kisha uje kulipa vyetu.

Kuja Kilindini

Chupa 315 za pipa letu la mfano ni katoni 53 za chupa 6, karibu kilo 430, zinazokaa kwenye paleti moja. Mzigo huo huingia kwenye kontena la kuchangia. Zifungwe zikisimama, kila chupa na kizuizi chake, na paleti izungushiwe plastiki nzito.

Panga mzigo ufike kati ya Juni na Agosti, wakati wa kusi. Kontena lililokaa juani kwenye yadi mwezi wa Februari, wakati wa joto la kaskazi, linaweza kupita nyuzi 50 ndani. Wiski hutanuka, husukuma kizibo, na ukifungua katoni unakuta lebo zina madoa na chupa zimepungua vidole viwili. Kuwahi kulitoa kontena yadini ni muhimu kuliko kubishania bei ya usafiri.

Usiagize kwa jina lako ukidhani ni mzigo wa kawaida. Pombe inayoingia Kenya inataka leseni, cheti cha ubora kinachotambuliwa na KEBS, shirika la viwango, na stempu za ushuru za KRA, mamlaka ya mapato, kwenye kila chupa. Tumia mwagizaji mwenye leseni ya pombe kali na umlipe kamisheni. Mtafute mwaka mmoja kabla, si meli ikiwa Bahari ya Shamu.

Ushuru wa bidhaa kwa pombe kali, tangu mabadiliko ya Desemba 2024, ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya kileo tupu. Chupa ya sentilita 70 yenye asilimia 46 ina sentilita 32.2, yaani shilingi 322. Chupa 315 ni shilingi 101,430. Angalia jambo moja: kwa kuwa kinachotozwa ni kileo tupu, kuongeza maji au kutoongeza hakubadilishi jumla ya ushuru huu. Juu yake kuna ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, ada ya tamko la uagizaji ya 2.5%, tozo ya reli ya 2%, na VAT ya 16% inayokokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru. Wakala akupigie hesabu nzima kwa viwango vya wiki hiyo.

Thamani ya mzigo ndiyo italeta mabishano. Ulilipa pipa miaka 10 iliyopita, na forodha wataiangalia wiski ya miaka 10 kwa bei ya sasa. Njoo na ankara ya pipa, risiti za ghala, ankara ya kutia chupani, usafiri na bima, zote kwa asili yake. Bila hizo watakadiria, na makadirio hayapungui.

Kabatini

Chupa zisimame wima. Kileo kikali hula kork ikilala. Ziwe gizani, kwenye chumba cha ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Darini chini ya mabati ni jiko. Kiyoyozi si lazima. Kubadilika kwa joto mara kwa mara ni kubaya kuliko nyuzi 29 zisizosogea. Hewa ya chumvi hula vifuniko vya bati, kwa hiyo ziache ndani ya katoni na utie pakiti za kunyonya unyevu. Kagua kila miezi 6 kwa taa: kiwango kikishuka, kunywa hiyo kwanza. Chupa iliyofunguliwa ikibaki nusu, imalize ndani ya miezi 6, au ihamishie kwenye chupa ndogo.

Maji ya kuongeza yasiwe ya kisima cha kisiwani. Chumvi kidogo tu huharibu miaka 10.

Wengine huhisi kiu ya pipa la kuona kwa macho, na mtandaoni kuna vipipa vya lita 5. Kwa kimiminika kile kile, kipipa cha lita 5 kina mbao mara 3.4 kuliko pipa la lita 200, na joto la Mombasa huongeza kasi. Amrut kule Bengaluru hupoteza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka kwenye mapipa makubwa. Wewe utapoteza zaidi. Ukitaka kujaribu, kijaze maji safi kwa saa 48 hadi 72 mpaka mbao zivimbe na kisivuje, ukibadilisha maji kila siku. Mwaga, tia wiski uliyonunua dukani ya asilimia 46 au zaidi, na uonje kila wiki. Wiki 3 hadi 6 zinatosha. Kisiachwe kikauke baada ya hapo, kwa maana mbao zikijikunja hakivimbi tena sawasawa. Kijaze kinywaji kingine siku hiyo hiyo.

Na pipa lako kubwa la kule likishamwagwa, mkataba ukisema ni lako, unaweza kuliomba lije tupu. Mapipa ya wiski yaliyopitishwa motoni wakati wa kutengenezwa hayabanwi na masharti ya kimataifa ya kutibu mbao za vifungashio, ila muulize wakala kuhusu KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kulipakia. Gharama ya kulileta inaweza kuzidi bei yake, na likifika ni meza ya barazani tu.